Aliyepigwa akaendelea kucheza: Ni haki mwenzake kuadhibiwa?

MCHEZO wa peintiboli, yaani ule wa kufyatuliana vidonge vya rangi, ulichezwa kwa mara ya kwanza Juni 27, 1981 katika msitu wa Henniker, jimbo la New Hampshire, Marekani. Walicheza watu 12, kila mmoja kivyake, na bunduki walizotumia zilikuwa zimetengenezwa kwa kazi nyingine kabisa: kutia alama miti na ng’ombe. Aliyeshinda siku ile, Ritchie White, mtu wa kazi za misitu, alikusanya bendera zake zote bila kufyatua hata kidonge kimoja.

Nimeanza na kisa hicho, ndugu msomaji, kwa sababu wapo wanaoudhani mchezo huu kuwa ni fujo tupu za vijana wenye fedha za kuchezea. Ukiutazama vizuri utakuta umesimama juu ya jambo zito, nalo ni mtu kutoa ushahidi dhidi ya nafsi yake mwenyewe.

Kanuni ni nyepesi. Kidonge kikikugonga na kupasuka, umetoka. Unainua mkono juu na kuondoka uwanjani. Kikikugonga kisipasuke, hujatoka. Matone yaliyokurukia kutoka kwenye kizuizi ulichojificha nyuma yake hayahesabiwi. Waliocheza rede utotoni wanaukumbuka ugomvi wa aina hii: “Umeguswa!” “Sikuguswa, ni nguo tu!” Tofauti ni kwamba mpira wa rede kila mtu anauona. Kidonge cha rangi kina upana wa milimita 17 hivi, na viwanja vingi huruhusu kirushwe kwa kasi isiyozidi futi 300 kwa sekunde, yaani kama mita 90. Hakuna jicho la refa linaloweza kuvifuata vyote vikiruka kwa mamia. Mtu wa kwanza kujua ni yule aliyepigwa.

Hapo ndipo kosa la kuendelea kucheza linapozaliwa. Mtu amepigwa kifuani, amesikia maumivu, lakini refa yuko upande wa pili. Anajiambia, “nitamtoa mmoja kwanza.” Anafyatua, mpinzani anatoka kwa haki, kwa kuwa naye kweli amepigwa, ila amepigwa na mtu ambaye hakustahili kuwamo uwanjani. Mwingine huenda mbali zaidi, akaifuta rangi kwa kiganja au kuisugua kwenye nyasi. Huyu si wa kusema alipitiwa. Ameharibu ushahidi.

Waandaaji wa mashindano walipoona kuwa kumtoa mkosaji peke yake si adhabu (kwani alikuwa ametoka tayari!) walileta kanuni ya “mmoja kwa mmoja”: anatolewa aliyeendelea kucheza, pamoja na mwenzake mmoja wa timu ile ile. Kwa makosa makubwa zaidi, kama hilo la kufuta rangi, yako mashindano yaliyofikia kuondoa wawili au hata watatu. Baadaye, katika mashindano ya pointi nyingi, ikaja adhabu ya dakika: mkosaji anakaa nje na timu inacheza pungufu.

Msomaji aweza kuuliza: kuna uadilifu gani hapo? Yule mwenzake alikuwa pembe ya mbali, hakuona wala hakushauriwa. Vipi abebeshwe mzigo usio wake?

Swali hili ni la haki, na halifai kujibiwa kwa kusema tu kwamba kanuni ndiyo inavyotaka. Tazama mfano wa watu watatu walioshirikiana duka. Mmoja akapunja mizani, na faida ikaingia katika mfuko wa wote. Mteja akidai chake, fedha itatoka mfuko ule ule, na wale wawili watapungukiwa bila kuwa wapunjaji. Hawakuhukumiwa kwa dhambi ya mwenzao; wamerudisha kisichokuwa chao. Ndivyo ilivyo uwanjani. Mpinzani aliyetolewa na mtu “aliyekwisha kutoka” ni faida iliyoingia kwa timu nzima, na kumwondoa mmoja wao ni kuirudisha mizani ilipokuwa.

Lakini hoja hiyo ina mpaka wake, na hapa sikubaliani na marefa wanaoadhibu kila aliyekutwa na rangi. Mchezaji hubeba mgongoni mkanda wa makopo ya vidonge vya akiba. Kidonge kikipasuka juu ya kopo wakati anakimbia, anaweza asihisi kitu. Anatoka, ndiyo, kwa sababu rangi ipo. Kumwongezea adhabu ya mwenzake ni kumhukumu kwa jambo asilolijua. Refa mzuri hujiuliza mambo mawili kabla ya kuamua: alipigwa mahali anapoweza kuhisi au kuona? Na je, baada ya hapo alifanya lolote lenye faida, kama kufyatua au kusogea mbele? Akiwa hana yakini kama rangi ni ya kidonge kilichopasuka mwilini au ni ya kizuizi, amwache acheze. Mchezaji aliingia uwanjani akiwa hai, na shaka peke yake haitoshi kumwondolea hali hiyo.

Mchezaji naye ana njia yake. Akihisi kugongwa mahali asipopaona, amwite refa amkague, na wakati anangoja asifyatue wala asisogee. Wapo wanaoita ukaguzi kwa hila, wapate kupumua. Marefa wazoefu huwatambua haraka, maana huita kila wanapobanwa.

Kubwa zaidi kwa refa ni kutokuwa na haraka. Katika mpira wa miguu, aliyetolewa kimakosa huenda akafutiwa kadi baada ya mechi. Katika peintiboli mchezo mmoja huweza kwisha ndani ya dakika chache, na katika mashindano mengi aliyekwisha kuondolewa harudi, hata ikibainika baadaye kuwa ile rangi ilikuwa ya kizuizi. Ndiyo maana refa aliye makini huinama, akaipitisha rangi kwa kidole na kutazama kama kuna kipande cha gamba la kidonge, kabla hajainua mkono wake.