Somo la Makazi: Mpangaji na Uharibifu wa Bahati Mbaya

Ifikapo Juni na Julai, baridi ya Makete huwafanya wapangaji wengi wa Iwawa waingize jiko la mkaa chumbani. (Hatari ya hewa yake yenye sumu inastahili somo lake.) Kaa moja likianguka na kuunguza mlango au sakafu ya mbao, ubishi huanza siku hiyo hiyo. Mwenye nyumba husema, "Umeunguza wewe, lipa." Mpangaji hujibu, "Ilikuwa bahati mbaya." Kauli zote mbili zaweza kuwa za kweli, na bado swali la nani alipe likabaki palepale.

Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, iliyotungwa mwaka 1999, haikomei kwenye kusudio. Inatazama uzembe. Mpangaji anawajibika kurejesha nyumba katika hali aliyoikuta, lakini habebeshwi uchakavu wa kawaida, wala madhara ya radi, dhoruba au tetemeko, wala ya moto, mafuriko au ajali nyingine isiyotokana na uzembe wa upande wake.

Basi jiko lililoachwa likiwaka huku mpangaji ameenda sokoni ni uzembe, hata kama hakutaka chochote kiungue. Ndivyo ilivyo kwa koki iliyoachwa wazi maji yalipokatika, yakarudi usiku na kulowesha chumba cha jirani. Moto uliozuka kwenye nyaya chakavu ukutani, ambazo mpangaji alikwisha kuzitolea taarifa, ni jambo jingine kabisa. Hapo mwenye nyumba ndiye mwenye maswali ya kujibu. Na pale chumba kimoja tu cha jengo kinapopangishwa, paa na kuta kuu ni wajibu wake.

Hata penye uzembe, deni lina mpaka. Aliyeunguza mbao mbili hapaswi kudaiwa sakafu nzima, na mlango uliotumika miaka mingi si haki kuulipia kama uliotoka kwa seremala jana.

Nyumba ikiharibika kwa ajali isiyo ya uzembe wa mpangaji hadi isikalike, kodi husimama, yote au sehemu yake kwa kadiri ya uharibifu. Isipotengenezwa ndani ya miezi sita, mpangaji anaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya mwezi mmoja. Hapa ndipo penye mashaka makubwa kwa aliyekwisha kulipa kodi ya miezi kadhaa mbele bila risiti.

Anayedai uzembe ndiye anayepaswa kuuthibitisha. Kwa hiyo kabla ya kukabidhiana funguo, pande mbili zipite chumba kwa chumba, ziandike nyufa, vioo, vitasa na soketi, zipige picha, kisha kila upande ubaki na nakala yenye saini. Ajali ikitokea, mwenye nyumba aarifiwe siku hiyo hiyo kwa ujumbe unaohifadhika, na picha zipigwe kabla fundi hajagusa kitu.

Mazungumzo yakishindikana, shauri lipelekwe Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, baraza hilo linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Likishindwa, au siku 30 zikipita bila suluhu, mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, akiwa na mkataba, risiti na picha zake.