Kutwa mara tatu: ninavyoandaa habari za mwezi za shule kuu ya famasia

Nilipokuwa mfamasia mpya nilikaa dirisha la dawa kwenye hospitali moja. Asubuhi moja mama mmoja alirudi na bahasha yake, ile ndogo ya karatasi tunayotilia vidonge. Juu yake mwenzangu alikuwa ameandika "2x3". Nikamuuliza, "Mama, umekuwa ukimezaje?" Akanijibu bila wasiwasi, "Viwili asubuhi, vitatu usiku, mwanangu." Alikuwa ameifuata bahasha kama ilivyo. Tulitaka ameze sita kwa siku, viwili viwili, yeye akameza vitano, tena vingi vyake usiku. Tangu siku ile siandiki alama. Naandika "vidonge viwili, kutwa mara tatu: asubuhi, mchana, usiku", kisha namwomba mgonjwa anirudishie kwa maneno yake mwenyewe kabla hajaondoka dirishani.

Sasa nafundisha kwenye shule kuu ya famasia ya chuo kikuu, hapa Dar es Salaam, na juu ya vipindi nimekabidhiwa habari za mwezi: yaliyofanyika, yanayokuja, nani kapata nini. Wenzangu wa vyuo vingine wameniuliza naziandaaje, maana za kwao hutoka mwezi huu, huruka miwili, kisha hupotea. Jibu langu linatoka kwenye ile bahasha. Mtu akishaisoma habari yangu ajue afanye nini, lini na wapi, hata kama mimi sipo karibu kumfafanulia.

Sikuanza hivyo. Toleo langu la kwanza lilikuwa na kurasa sita. Lilifunguliwa na salamu za Amidi, zikafuata picha za kikao, na baada yake picha zaidi za kikao hichohicho. Ukurasa wa tano, chini kabisa, ndipo nilipoweka tangazo kwamba wanafunzi wa mwaka wa tatu walete majina ya vituo wanavyoomba kwa mafunzo ya vitendo, mwisho Ijumaa. Jumatatu akaja binti mmoja ofisini. "Shikamoo, mwalimu. Jarida nililisoma, ila sikufika mwisho." Alitaka kituo cha karibu na nyumbani kwa sababu alikuwa anamuuguza mama yake, na nafasi za huko zilikuwa zimejaa. Sikuwa na la kumwambia zaidi ya samahani. Tangu hapo jambo lenye tarehe ya mwisho iliyo karibu ndilo linalokaa juu, hata likiwa la mistari miwili. Salamu za Amidi zimehamia ukurasa wa mwisho, na Amidi mwenyewe aliridhia nilipomweleza kilichotokea.

Kukusanya habari ndiyo kazi ya miguu. Naanza tarehe 20 ya kila mwezi. Zamani nilituma barua pepe kwa idara zote na kungoja, nikapata majibu mawili, yote ya kuniahidi. Siku hizi nazunguka. Napita famasia ya kliniki, famakolojia, kemia ya dawa, famakognosia kule kwenye mitishamba, na famasia ya viwandani. Kila mahali nauliza mambo matatu: nini kimefanyika, nini kinakuja, na nani ataumia asipojua. Hilo la tatu ndilo linalofungua vinywa. Ukimuuliza mhadhiri kama ana habari, atakwambia hana. Ukimuuliza nani ataumia, atakumbuka kwamba mashine ya maabara itafungwa wiki mbili kwa matengenezo na wanafunzi wa uzamili hawajaambiwa.

Usiwaruke watu wawili. Wa kwanza ni fundi wa maabara. Yeye anajua kitu gani kimeagizwa, kipi kimeisha na darasa lipi limeahirishwa, mara nyingi kabla ya mkuu wa idara. Wa pili ni karani wa ofisi ya Amidi, mwenye daftari la kumbi. Tukio lisilokuwamo kwenye daftari lile mimi silitangazi, hata aliyelileta awe profesa. Nimeshaona watu mia wamesimama nje ya ukumbi huku ndani mtihani unaendelea.

Kuna tarehe zisizohitaji kuulizwa, na hizi naziandika mwanzo wa mwaka. Machi 24 ni siku ya kifua kikuu, Aprili 25 malaria, Desemba 1 UKIMWI. Septemba 17 ni siku ya usalama wa mgonjwa, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 2019. Septemba 25 ni ya kwetu wenyewe, siku ya wafamasia duniani. Shirikisho la kimataifa la wafamasia, FIP, liliundwa tarehe hiyo mwaka 1912 mjini The Hague, na mkutano wake wa Istanbul mwaka 2009 ndio ulioamua siku hiyo iadhimishwe. Kuanzia Novemba 18 hadi 24 ni wiki ya usugu wa vimelea dhidi ya dawa.

Lakini angalia kalenda ya chuo kabla ya kufurahi. Septemba madarasa yetu ni matupu. Wanafunzi wako likizo au wametawanyika kwenye vituo vya mafunzo, Songea hadi Kigoma. Miaka miwili mfululizo niliwatangazia siku ya wafamasia katika toleo la Septemba, na kwenye maandamano tulikuwa wahadhiri na wageni tu. Siku hizi natangaza Julai, kabla hawajafunga mabegi, na naongeza jambo moja wanaloweza kulifanya hukohuko waliko: waombe nusu saa kwa mfamasia wa kituo, wakae na wagonjwa kwenye foleni, wawaeleze namna ya kumeza dawa walizoandikiwa. Picha na masimulizi yao hunijazia toleo la Oktoba, na ni habari nzuri kuliko maandamano.

Sasa tufike kwenye saa. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo habari nyingi za matukio zinapoharibikia.

Tulikuwa na mgeni wa kutufundisha kwa mtandao kutoka London. Aliandika kwamba ataanza saa tatu asubuhi ya kwao, Jumatatu ya pili ya Novemba. Nilipokea barua yake Oktoba, nikaangalia simu, nikaona tofauti yetu ni saa mbili. Nikatangaza saa tano asubuhi. Sikukumbuka kwamba Uingereza hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na sisi hatuna desturi hiyo. Kuanzia hapo tofauti inakuwa saa tatu. Wanafunzi wa mwaka wa nne waliketi mbele ya skrini tupu tangu saa tano. Ilipokaribia saa sita wengi wakaondoka, maana walitakiwa wodini. Mgeni, aliyekuwa ameandaa mhadhara wake kwa miezi, alipofungua saa sita kamili alikuta watu saba. Nilimwandikia jioni ileile kumwomba radhi. Alirudi mwezi uliofuata, na hilo silisahau.

Basi hivi ndivyo ninavyoandika saa. Kwanza, nahesabu tofauti kwa tarehe ya tukio, wala si kwa siku ninayopokea barua. Pili, siandiki "9:00" peke yake hata siku moja. Nusu ya wasomaji wetu wataisoma saa tatu asubuhi kwa sababu ratiba ya masomo imeandikwa kizungu, na nusu wataisoma saa tisa alasiri kama walivyofundishwa nyumbani, na wote wako sahihi. Naandika kwa maneno, "saa tatu asubuhi", na tukio likiwa la mtandaoni naongeza "kwa saa za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala; Kigali, Bujumbura na Lubumbashi ni saa mbili". Tuna wahitimu wetu huko na wanatufuatilia. Tatu, siandiki "Jumatatu ijayo". Habari huandikwa tarehe 28 na kusomwa tarehe 6. "Ijayo" ya mwandishi na ya msomaji hazikutani. Naandika siku, tarehe na mwezi, vyote vitatu, kwa sababu vikigongana mtu atagundua kosa na kuniuliza. Ikiandikwa tarehe peke yake, kosa halina wa kulishuhudia.

Kuhusu lugha, tunafundisha kwa Kiingereza, ila habari za mwezi naziandika Kiswahili. Zinasomwa na wafanyakazi wa usafi, na fundi, na wazazi, na wamiliki wa maduka ya dawa muhimu wanaokuja kwenye mafunzo yetu. Mwanafunzi wa uzamili aliniletea muhtasari wa kazi yake juu ya umalizaji wa dozi ya dawa mseto ya malaria, aya moja ndefu isiyo na pa kupumulia. Tukakaa naye mezani. Nikamwomba anieleze kama anamweleza dada yake. Akasema: mtu mzima anapewa vidonge 24, anameza vinne vinne mara sita kwa siku tatu; dozi ya pili ni saa nane baada ya ya kwanza, halafu asubuhi na jioni; na vimezwe pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, ili dawa iingie mwilini vizuri. Watu wakipata nafuu siku ya pili huacha, na ndipo yeye anapouliza kwa nini. Nikamwambia, hiyo ndiyo habari yenyewe, iandike hivyohivyo. Siku ya wasilisho lake ukumbi ulikuwa na wauguzi, na mama mmoja mwenye duka la dawa kutoka Mbagala aliuliza maswali kuliko wote.

Habari za utafiti zinataka uangalifu zaidi. Niliwahi kuandika kichwa kwamba majani ya mwarobaini yameonyesha uwezo dhidi ya bakteria. Kazi yenyewe ilikuwa ya kisahani cha maabara, na ndani nilisema hivyo. Lakini kichwa kilikatwa kikasambazwa peke yake, na wiki nzima nilipokea simu za watu wanaouliza dozi. Mmoja alikuwa na kidonda cha kisukari. Nilimsihi arudi kliniki, nikashinda na wasiwasi mpaka alipopiga tena. Tangu siku ile neno "maabara" liko ndani ya kichwa cha habari chenyewe, mahali ambapo mkasi haulifikii, na mtafiti husoma maneno yangu kabla hayajatoka.

Matangazo ya mamlaka siyabadilishi kwa mkono wangu kabisa. Ya Baraza la Famasi kuhusu usajili na mafunzo ya mwaka mmoja ya wahitimu, na ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kuhusu dawa inayoondolewa sokoni, nanakili herufi kwa herufi: jina la dawa, namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi. Namba moja ikikosewa, dawa mbaya inabaki rafuni na nzuri inatupwa. Na tuache kuiita TMDA kwa jina la TFDA. Jina lilibadilika mwaka 2019, na mwanafunzi anayetafuta fomu kwa jina la zamani anapoteza mchana mzima.

Kuhusu picha, maelezo ni mafupi: mgonjwa hapigwi picha, lebo ya dawa yenye jina la mtu haionyeshwi, na sherehe ya makoti meupe hupata picha moja nzuri tu.

Tanzia nayo ina nafasi yake. Hakuna mwaka uliopita bila kuagana na mtu wa jumuiya yetu. Naiweka ukurasa wake peke yake, na jina nalihakikisha kwa familia kwa kupiga simu, kwa sababu kosa la jina la marehemu halirekebishwi kwenye toleo lijalo.

Mwisho ni namna ya kufikisha. Nilikuwa natuma faili kubwa lenye rangi, mpaka kiongozi wa darasa aliponiambia kwamba wengi hawalifungui kwa sababu ya bando. Sasa matukio naweka kama maandishi matupu ndani ya kundi la WhatsApp la kila darasa, yanayosomeka bila kupakua chochote, na karatasi moja kubwa nabandika karibu na mlango wa kantini, kwa maandishi yanayosomeka ukiwa na sahani mkononi. Toleo kamili lipo kwa anayelitaka.

Na kabla ya kutuma, nafanya kama dirishani. Nachukua rasimu hadi getini kwa mzee wetu mlinzi. "Shikamoo, mzee. Hebu soma hili la juu, uniambie ungekuwa wewe ungekwenda wapi na saa ngapi." Mwezi uliopita aliweka miwani, akasoma polepole, akasema, "Alhamisi, tarehe 14, saa nane mchana, ukumbi namba mbili." Nikashukuru, nikanyoosha mkono kuchukua karatasi. Hakuiachia. "Lakini mwalimu, ukumbi namba mbili ni upi siku hizi? Wiki iliyopita si walibadilisha vibao? Wageni wangu wote wa jana nimewapandisha ghorofani." Nikarudi kwa karani na daftari lake.