Kalebu Aliomba Mlima: Fadhila ya Nguvu na Majaribu ya Mwili Katika Umri wa Makamo



Katika somo hili tunatafakari jambo ambalo siku hizi linaonekana sana katika parokia zetu. Watu wa makamo, wenye miaka arobaini, hamsini na kuendelea, wanajiandikisha katika mbio ndefu, wanapanda Kilimanjaro, wanajiunga na makundi ya hija ya miguu. Wapo wanaowapongeza. Wapo pia wanaocheka pembeni na kuuliza: mtu mzima, mwenye watoto wa sekondari, anatafuta nini mlimani? Hata padre akionekana anakimbia barabarani alfajiri, maneno hayakosi.

Swali hilo linagusa maadili: je, mtu anayeujaribu mwili wake katika umri huo anatenda fadhila, au anaukimbia uzee? Ili kulijibu tutaanza na hali ya umri wenyewe, kisha tutasikiliza Maandiko Matakatifu na Mt. Thoma wa Akwino, tutatazama mifano ya historia, na mwisho tutatoa mwongozo wa vitendo.

1. Adhuhuri ya maisha

Evagrio wa Ponto, mmonaki wa karne ya 4 aliyeishi katika jangwa la Misri, alieleza kishawishi alichokiita pepo wa adhuhuri, akifuata maneno ya Zaburi ya 91. Pepo huyo humjia mmonaki jua likiwa utosini. Siku inaonekana haiishi, chumba kinamchosha, kazi ya mikono imepoteza ladha, ndugu zake anawaona hawana upendo. Anaanza kufikiria mahali pengine ambako maisha yangekuwa rahisi zaidi.

Walimu wengi wa maisha ya kiroho wameona kwamba umri wa makamo nao ni adhuhuri. Furaha ya asubuhi imepita: upadrisho, ndoa, kazi ya kwanza, mtoto wa kwanza. Jioni bado iko mbali. Hapo mtu hukutana na vishawishi viwili. Cha kwanza ni kukaa chini na kusema, “Mimi nimeshazeeka, mambo hayo ni ya vijana.” Cha pili ni kutoroka: kutafuta kitu kipya kwa sababu tu cha zamani kimechosha.

Tunaona basi kwamba mbio au mlima vinaweza kuwa dawa ya kishawishi cha kwanza, na vinaweza kuwa njia ya kutumbukia katika cha pili. Tendo kwa nje ni lile lile, kwa hiyo tunahitaji kupambanua.

2. Maandiko yanatufundisha nini?

Tuanze na Kalebu (Yos 14:6-15). Alikuwa na miaka 40 alipotumwa na Musa kuipeleleza nchi. Wenzake walirudi na hofu, isipokuwa yeye na Yoshua. Miaka 45 baadaye, akiwa na miaka 85, alimwendea Yoshua na kuomba apewe nchi ya milima, yenye Waanaki na miji yenye ngome. Kwa umri wake angeweza kuomba bonde lenye rutuba na kupumzika, lakini aliomba mlima.

Mara nyingi tunasifu nguvu za Kalebu mzee na kusahau ilikopita miaka ile 45 ya katikati. Ilianzia jangwani. Umri wake wote wa makamo aliutumia akitembea na watu ambao kosa lao lilimchelewesha yeye, bila kuwaacha. Ombi la mlima lilikuwa tunda la uvumilivu huo mrefu. Tena hakujisifu kwa misuli: tumaini lake aliliweka katika Bwana kuwa pamoja naye. Na alipopata urithi wake, binti yake Aksa alimwomba maji, naye akampa chemchemi za juu na za chini (Yos 15:16-19). Ushindi wa baba uligeuka maji kwa familia ya binti yake. Kipimo hiki tutakirudia.

Mfano wa pili ni Eliya (1 Fal 19:1-8). Alichoka mpaka akaomba kufa, akalala chini ya mti. Malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akampa tena. Baada ya hapo ndipo Eliya alipotembea siku arobaini, mchana na usiku, mpaka Horebu. Chakula na usingizi vilitangulia safari. Anayedharau mapumziko kwa jina la ushujaa ana mengi ya kujifunza hapa.

Tatu, Mt. Paulo. Anatumia mfano wa mkimbiaji anayejinyima ili apate taji, na kusema kwamba naye anautiisha mwili wake (1 Kor 9:24-27). Lakini anamkumbusha pia Timotheo kwamba mazoezi ya mwili yana faida kidogo, na utauwa una faida katika yote (1 Tim 4:8). Faida kidogo bado ni faida. Mtume hayakatazi mazoezi. Anayapangia nafasi yake.

3. Mt. Thoma: nguvu ni kustahimili

Katika fadhila nne za msingi, yaani busara, haki, nguvu na kiasi, jambo letu linahusu hasa nguvu. Watu wengi wakisikia neno hilo hufikiria kushambulia na kushinda. Mt. Thoma anafundisha kwamba tendo kuu la fadhila ya nguvu ni kustahimili (Summa, II-II, 123, 6). Anatoa sababu tatu: anayestahimili hukabiliana na kitu kilicho na nguvu kuliko yeye, hatari anayoikabili iko tayari mbele yake, haimngojei, na kustahimili huchukua muda mrefu, wakati shambulio laweza kuwa la ghafla.

Fundisho hili lina faraja kwa watu wa makamo. Kijana ana mbio na mshtuko wa ghafla. Mtu wa makamo amekwisha kujifunza kubeba: ada za shule, mgonjwa nyumbani, ndoa katika kipindi cha ukame, parokia yenye madeni. Akiingia katika safari ndefu ya miguu anakuta kazi anayoijua.

Mt. Thoma anatuonya pia juu ya makosa mawili. Kujikinai ni kujaribu lililo juu ya uwezo wetu (130, 1). Unyonge wa moyo ni kukataa lililo ndani ya uwezo wetu (133, 1). Kwa hiyo Kanisa halimwambii mtu wa miaka 50 “usipande,” wala halimwambii “lazima upande.” Linamwambia: pima kwa ukweli uwezo aliokupa Mungu, usiuongeze wala usiupunguze. Kosa la tatu, sifa za bure (132), ndilo lililo karibu zaidi nasi leo, kwa sababu simu iko mfukoni na picha ya kileleni huwafikia watu mia kabla hatujashuka.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafuata njia hiyo hiyo. Inasema uhai na afya ni zawadi tunazopaswa kuzitunza kwa akili (2288), kisha inakataza kuuabudu mwili na kutoa kila kitu sadaka kwa ajili ya mafanikio ya michezo (2289).

4. Mifano ya historia

Tarehe 6 Oktoba 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Siku hiyo Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo huko Salzburg, alikuwa anatimiza miaka 40. Meyer alikuwa katika jaribio lake la tatu. Mwaka 1887 barafu ilimrudisha. Mwaka 1888 vita vya Abushiri vilimkwamisha kabla hajaufikia mlima. Tukumbuke kwamba hawakufika kwa nguvu zao peke yao: walisaidiwa na waongozaji na wapagazi.

Miezi michache kabla ya hapo, mwaka huo huo wa 1889, padre wa Milano aitwaye Achille Ratti alipanda upande wa mashariki wa Monte Rosa na kulala usiku kwenye mwamba katika baridi kali. Padre huyo baadaye akawa Papa Pio XI, na mwaka 1923 alimtangaza Mt. Bernardo wa Menthon kuwa msimamizi wa wapanda milima.

Mfano ulio karibu zaidi na somo letu ni Mt. Yohane Paulo II. Mwaka 1958, akiwa na miaka 38, wito wa kwenda kupokea habari ya uaskofu ulimkuta katika safari ya mtumbwi. Mei 1981 alipigwa risasi. Julai 1984, akiwa na miaka 64, aliteleza kwenye theluji ya Adamello. Mwaka 1994 alivunjika mfupa wa paja, na baadaye ugonjwa wa Parkinson ukamfunga katika kiti. Hapo ulimwengu uliona jambo moja waziwazi: uvumilivu wa mlimani na uvumilivu wa kitini ulikuwa fadhila moja. Mazoezi ya mwili yanayotufaa ni yale yanayotuandaa kwa siku ambayo mwili utakataa kutii.

5. Mwili una sheria zake

Busara hudai tujue hali halisi. Baada ya miaka 30 misuli ya mtu asiyeitumia hupungua polepole, na uwezo wa moyo na mapafu hushuka kwa takriban asilimia 10 kila miaka kumi. Mazoezi hupunguza kasi ya kushuka huko. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, pamoja na ya kuimarisha misuli siku 2 au zaidi. Kutembea kwa haraka kwenda Misa ya asubuhi na kurudi kunahesabika.

Kabla ya jaribu kubwa, mtu wa makamo apime shinikizo la damu, sukari na moyo. Kisukari na shinikizo la damu huweza kukaa mwilini muda mrefu bila dalili. Maumivu ya kifua, kuzimia au kupumua kwa shida kusiko kwa kawaida si “udhaifu wa kuombea” tu. Ni sababu ya kusimama na kumwona daktari.

Mlima mrefu una sheria ya ziada. Kileleni pa Kibo hewa hutoa takriban nusu ya oksijeni tunayoipata pwani. Ugonjwa wa mwinuko haujali cheo wala misuli. Kijana mwanariadha aweza kuanguka na mama wa miaka 55 akaendelea. Kinga kubwa ni kupanda taratibu na kuchagua safari ya siku nyingi zaidi. Ndiyo maana waongozaji hawachoki kusema “pole pole.” Maumivu ya kichwa na kichefuchefu ni onyo. Kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kuhema hata ukiwa umekaa ni hatari ya kufa, na tiba ni kushuka mara moja. Anayetii mwongozaji akamwambia ageuke, hata kilele kikiwa kinaonekana, ametenda busara, na bila busara nguvu si fadhila.

Haki nayo isisahaulike. Tuwaulize wanaotuandalia safari kama wapagazi wanalipwa ipasavyo, kama wana mavazi ya baridi na mahali pa kulala, na kama mzigo hauzidi kilo 20. Kilele kilichofikiwa juu ya mgongo wa mtu aliyedhulumiwa hakimtukuzi Mungu.

6. Njia iliyo wazi kwa maskini na tajiri

Gharama za Kilimanjaro si za kila mtu. Kanisa lina jaribu la mwili lililo la kale sana: hija. Kila mwaka kabla ya tarehe 3 Juni, mahujaji hutembea kwenda Namugongo, wengine kwa siku nyingi, wakitoka majimbo ya mbali ya Uganda na hata Kenya na Tanzania. Wengi wao ni watu wazima. Wanatembea kwa kundi, wakisali Rozari, wakilala parokiani, na mwenye nguvu akimngoja aliyechoka. Kundi kama hilo huweza kuandaliwa hata na jumuiya moja kwa safari ya siku moja hadi kituo cha hija cha jimbo.

7. Kujipima kabla ya kuanza

Tunapendekeza kila mmoja ajiulize mbele ya Mungu, na ikiwezekana mbele ya kiongozi wake wa kiroho:

- Je, nakwenda kutafuta jambo, au nakimbia jambo lililo nyumbani?
- Je, mwenzi wangu, au mkubwa wangu kama ni padre au mtawa, amekubali kwa moyo?
- Je, fedha ninazotumia zimetoka katika ada, matibabu au deni la mtu?
- Je, ningekwenda hata kama hakuna picha itakayopigwa?
- Je, niko tayari kugeuka nikiambiwa nigeuke?
- Nikirudi, nani atakunywa maji ya mlima wangu?

Swali la mwisho ni lile la Aksa. Baba akirudi na subira zaidi kwa wanawe, mama akirudi na amani, padre akirudi na hamu ya kuwatembelea wagonjwa wa vigango vya mbali, basi mlima umekuwa chemchemi. Akirudi na majivuno na uchovu tu, amepata matembezi ya gharama kubwa.

Maswali ya kujadili katika jumuiya na seminarini

1. Katika mazingira yetu, kishawishi kipi kina nguvu zaidi kwa watu wa makamo: unyonge wa moyo au kujikinai?
2. Miaka ya Kalebu jangwani inatufundisha nini juu ya kuvumilia matokeo ya makosa ya wengine?
3. Nyinyi mafrateri, ni mazoea gani ya mwili mnayoyajenga sasa yatakayowasaidia mkiwa na miaka 50 katika parokia yenye vigango vingi?
4. Jumuiya yetu yaweza kuandaa hija gani ya miguu mwaka huu, na tutawasaidiaje wazee na wagonjwa washiriki?

Mt. Bernardo wa Menthon, utuombee.
Mashahidi watakatifu wa Uganda, mtuombee.