Somo la Urithi: Kutoka Zizi la Ngamia hadi Maabara ya Shule



 

Wengi wenu hapa Njombe na Makambako asubuhi mko sekondari na jioni mko madrasa. Katika baiolojia mtakutana na mada ya jenetiki, yaani elimu ya urithi. Watakaochukua mchepuo wa PCB au CBG wataisoma kwa kina zaidi pamoja na bioteknolojia. Wapo wanaoikimbia mada hii kwa sababu ya hesabu zake, na wapo wanaodhani haihusiani na dini. Lengo la makala hii ni kuonyesha kuwa asiyeijua anaweza kumdhulumu mkewe, mtoto wake au jirani yake huku akijiona yuko katika haki.

1. Tuanzie shambani

Mkulima wa parachichi katika mkoa wetu anajua kuwa ukipanda kokwa la Hass, mti utakaoota hauna uhakika wa kuzaa tunda kama lile ulilokula. Ndiyo maana tunanunua miche ya kubebesha. Kokwa hutokana na kukutana kwa chavua na yai la ua, na katika kukutana huko sifa huchanganywa upya. Kikonyo cha kubebeshea hakikuchanganywa na chochote. Ni kipande cha mti uleule.

Mwanadamu naye hazaliwi kwa kubebeshwa. Suratul-Insaan (76:2) inatufahamisha kuwa ameumbwa kwa mbegu iliyochanganyika. Hivyo basi, mtoto kutofanana na baba yake si jambo la ajabu.

2. Kisa cha ngamia

Imepokelewa kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.), katika Bukhari na Muslim, kuwa mtu mmoja wa jangwani alimjia Mtume (s.a.w.) akieleza kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi. Alikuwa na shaka kama mtoto ni wake. Mtume (s.a.w.) alimuuliza kuhusu ngamia wake. Yule bwana akasema ni wekundu, kisha akakiri kuwa miongoni mwao wamo wa kijivu. Alipoulizwa rangi hiyo imetoka wapi, akajibu mwenyewe kuwa huenda imevutwa na asili ya zamani. Mtume (s.a.w.) akamjulisha kuwa huenda na kwa mtoto wake ni vivyo hivyo.

Tusiseme kuwa hadithi hii ni kitabu cha jenetiki. Ni fundisho la haki. Lakini tazama njia iliyotumika: mlalamikaji alirudishwa kwenye jambo analolijua kwa macho yake, zizini kwake, akaachiwa atoe jibu. Ndivyo maabara inavyofundisha. Angalia kwanza, kisha ndipo useme.

3. Sifa inavyojificha

Zaidi ya miaka 1,200 baadaye, mwaka 1865, Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno, alieleza matokeo ya majaribio yake ya njegere. Aliona kuwa sifa inaweza kupotea katika kizazi kimoja na kujitokeza tena katika kizazi kinachofuata.

Leo tunajua kuwa karibu kila seli ya mwili ina kromosomu 46, yaani jozi 23, nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Ndani yake mna jeni, ambazo ni maelekezo yaliyoandikwa kwa DNA. Kwa Kiswahili tunaita vinasaba, kutokana na neno nasaba mnalolijua katika sira.

Chukua mfano wa ualbino. Rangi ya ngozi, nywele na macho hutokana na melanini. Mtu huzaliwa na ualbino akirithi jeni yenye hitilafu kutoka kwa baba na kutoka kwa mama. Akirithi moja tu, rangi yake ni ya kawaida, lakini anaibeba bila kujua. Tuiite jeni nzima A, na yenye hitilafu a. Baba akiwa Aa na mama Aa, kila mtoto anaweza kuwa AA, Aa, Aa au aa. Huyo aa ndiye mwenye ualbino, na wazazi wote wawili wamechangia sawasawa.

Nchini Tanzania inakadiriwa kuwa mtu 1 kati ya 1,400 ana ualbino. Kipeuo cha pili cha 1,400 ni kama 37, maana yake jeni 1 katika kila 37 ina hitilafu. Kwa kuwa kila mtu ana jeni mbili za sifa hiyo, karibu mtu 1 kati ya 19 anaibeba. Katika safu ya swala yenye watu 19, kwa wastani yumo mmoja, na hajijui.

4. Jaribio la nyumbani

Chukua vikombe viwili, kimoja cha baba na kingine cha mama. Weka katika kila kimoja haragwe moja jekundu (A) na moja jeupe (a). Fumba macho, toa moja kutoka kila kikombe, andika, kisha rudisha. Fanya hivyo mara 100. Meupe mawili kwa pamoja yatatokea karibu mara 25.

Zingatia kuwa kikombe hakikumbuki kilichotoka mwanzo. Kupata mtoto mmoja mwenye ualbino hakumaanishi kuwa watatu wanaofuata hawatakuwa nao. Kila uzazi una nafasi yake ya 1 kati ya 4.

5. Jaribio la maabara

Fanyeni hili mwalimu akiwepo. Ponda nusu ya ndizi mbivu katika maji kidogo. Tia chumvi kijiko kimoja kidogo na sabuni ya maji kidogo, koroga taratibu bila kutoa povu, kisha chuja kwa kitambaa safi. Mimina spiriti iliyopoa sana polepole ubavuni mwa glasi ili ikae juu. Baada ya dakika chache utaona nyuzi nyeupe zikikusanyika. Hivyo ndivyo vinasaba, japo si safi kabisa.

Sabuni huvunja utando wa seli kwa kuwa una mafuta, kama inavyotoa mafuta kwenye sufuria. Chumvi husaidia nyuzi kushikamana, na kwa kuwa vinasaba haviyeyuki katika spiriti, hujitenga. Tahadhari: spiriti hushika moto upesi, na ni sumu kwa anayeinywa.

6. Kipimo cha vinasaba na mipaka yake

Bioteknolojia imewezesha kipande kidogo cha vinasaba kuzidishwa hadi mamilioni ya nakala, na hivyo kulinganisha watu wawili. Kwetu jambo hili linasimamiwa na sheria ya mwaka 2009 inayohusu vinasaba vya binadamu, na maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kipimo cha nasaba si cha kufanywa kwa hasira. Maombi hupitia kwa wahusika kama mahakama na ustawi wa jamii. Katika sharia, mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa hunasibishwa na ndoa hiyo, na Suratun-Nuur (24:4) inaonya vikali wanaowasingizia wanawake wenye kujihifadhi bila mashahidi wanne. Sura ya mtoto si shahidi.

7. Wajibu wetu

Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 nchi yetu ilishuhudia watu wenye ualbino wakiuawa kwa imani za kishirikina. Wapo pia akina mama walioachwa kwa sababu tu ya rangi ya mtoto waliyemzaa. Ujinga umemwaga damu na kuvunja nyumba. Wakati huohuo, Bibi Al-Shaymaa Kwegyir aliteuliwa kuwa mbunge mwaka 2008, na Dk. Abdallah Possi, wakili na mhadhiri, akawa naibu waziri mwaka 2015. Wote wawili wana ualbino.

Mwenye mtoto wa namna hii azingatie yafuatayo:

(i) Baridi ya Njombe isimdanganye. Mionzi ya jua inayodhuru ngozi huongezeka kadiri unavyopanda milimani. Avae kofia pana na mikono mirefu, na apate mafuta ya kujikinga. Moshi, KCMC, yametengenezwa maalumu kwa ajili yao.

(ii) Macho yake huona kwa shida. Ustadhi na mwalimu wamkalishe mbele, na apewe msahafu wa herufi kubwa.

(iii) Mama yake asiulizwe mtoto ametoka wapi. Jibu la swali hilo lilishatolewa katika kisa cha ngamia.

Maswali ya marudio

1. Kwa nini mche wa kubebesha hufanana na mti wake kuliko mche wa kokwa?
2. Baba ni AA na mama ni aa. Je, watapata mtoto mwenye ualbino? Onyesha kwa maharage.
3. Taja mafunzo mawili unayoyapata katika kisa cha ngamia.

Wallaahu a'alam.