Taa za Motokaa Mchana

Ukisimama kando ya barabara iendayo Ujiji kutoka Mwanga, utaona motokaa nyingine zaja na taa zinawaka, na jua li utosini. Usidhani dereva amesahau. Taa hizo ndogo huwaka zenyewe injini ikiwashwa; kazi yake si kumwonyesha dereva njia, bali kutuonyesha sisi kwamba motokaa yaja. Sweden iliamuru taa za mchana mwaka 1977, na tangu 2011 motokaa za aina mpya katika Umoja wa Ulaya hazina budi kuwa nazo.

Faida yake huonekana chini ya kivuli cha miembe, au kiangazi katika njia za udongo, vumbi likitanda.

Hasara je? Mafuta yanayotumika ni kidogo, tusibishanie hayo. Lililo zito ni kwamba pikipiki, iliyojulikana kwa taa yake moja, huweza kupotea kati ya taa nyingi. Na sisi tuendao kwa miguu hatuna taa. Austria iliamuru mwaka 2005, ikafuta amri hiyo mwanzoni mwa 2008. Tena, mara nyingi taa za nyuma haziwaki pamoja nazo: magharibi dereva huona mwanga mbele yake akaridhika, na mwenye baiskeli amfuataye haoni kitu.