Kumwita Mtu kwa Jina: Ujumbe wa Mashine na Urafiki wa Kweli Mitandaoni



Wapendwa waseminari na waamini, katika somo hili tunatazama jambo ambalo kila mwenye simu amekutana nalo. Unaamka asubuhi, hujasali bado, na simu imeshalia mara nne. Mmoja anakuambia umeshinda zawadi. Mwingine anakuuzia dawa ya kila ugonjwa. Wa tatu ni yule tuliyemzoea Watanzania, anayetaka ile hela uitume kwenye namba hii. Wa nne ametuma picha ya Bikira Maria na maneno ya kukutaka uisambaze kwa watu kumi na wawili kabla ya saa sita usiku, la sivyo baraka yako itapita. Wanne hawa wanatofautiana sana kwa nia zao, lakini wanafanana kwa kitu kimoja: wakati ujumbe unatoka, hakuna hata mmoja aliyekuwa anakufikiria wewe.

Ujumbe wa namna hii tumezoea kuuita ujumbe taka, nao ni wa zamani kuliko simu zetu. Tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk, mtu wa masoko katika kampuni ya kompyuta ya DEC huko Marekani, alituma tangazo moja kwa watu karibu 400 waliokuwa kwenye ARPANET, mtandao uliozaa intaneti ya leo. Wengi walikasirika. Lakini mwenyewe amesimulia kwamba kampuni iliuza mashine. Aprili 1994 mawakili wawili wa Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, mtu na mkewe, walimwaga tangazo kuhusu bahati nasibu ya Green Card katika maelfu ya makundi ya majadiliano ya Usenet, bila kujali kama kundi lilikuwa linazungumzia muziki au bustani. Na jina la Kiingereza la taka hizi, spam, ni jina la nyama ya kopo. Lilitoka katika kichekesho cha Waingereza cha mwaka 1970, ambamo neno hilo hurudiwa na kurudiwa mpaka mazungumzo ya wengine yote yanazama. Aliyelichagua aliona mbali.

Tutazame hesabu iliyoko nyuma ya kazi hii, kwa sababu huko ndiko liliko swali la maadili. Tuseme mfanyabiashara anatuma ujumbe 10,000 kwa mpigo mmoja. Watu 20 wananunua. Kwake siku hiyo ni njema, kwa kuwa kutuma kulimgharimu kidogo sana. Wale 9,980 waliosumbuliwa, mmoja akiwa msibani, mwingine akiwa kwenye foleni ya hospitali akisubiri majibu, hawamo katika hesabu yake popote. Hawakupotea, maana hawakuwahi kuwapo.

Sasa tuiweke hesabu hiyo kando ya mfano wa kondoo aliyepotea katika Luka 15. Tukisoma haraka tutasema ni vitu vinavyopingana waziwazi. Kumbe mfanyabiashara huyu naye anawaacha tisini na tisa kwa ajili ya mmoja! Tofauti iko mahali pengine. Mmoja wa mfanyabiashara ni yule aliyekuja mwenyewe na fedha mkononi. Mmoja wa mchungaji ni yule ambaye hayupo. Ili ujue kwamba mmoja hayupo ni lazima uwe umewahesabu, na ukiwahesabu ni lazima uwe unawajua. Mashine ya kutuma ujumbe inaweza kukuambia ni wangapi waliofungua ujumbe na saa ngapi waliufungua. Haiwezi kukuambia ni nani anayekosekana mezani.

Hapa wapo watakaofikiri tunataka kulitoa Kanisa mitandaoni. Sivyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati ya Inter Mirifica tarehe 4 Desemba 1963, na kutokana nayo tunaadhimisha Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni tangu mwaka 1967. Papa Benedikto XVI alituma ujumbe wake wa kwanza Twitter tarehe 12 Desemba 2012. Papa Fransisko, katika ujumbe wa siku hiyo kwa mwaka 2019, alitualika kutoka katika jumuiya za mitandaoni kuelekea jumuiya ya watu halisi. Na tarehe 28 Mei 2023 Baraza la Kipapa la Mawasiliano lilitoa tafakari ya kichungaji kuhusu uwepo kamili katika mitandao ya kijamii, likachukua mfano wa Msamaria mwema kuwa uti wa mgongo wake. Tunashauri kila mseminari aisome yote. Kuhani na Mlawi walimwona majeruhi, hawakukosa taarifa. Walichokosa ni kusimama.

Wala hatusemi kwamba kila ujumbe unaotumwa na mashine ni dhambi. Kengele ya kanisa nayo huwapigia wote kwa pamoja, mkatoliki na asiye mkatoliki, na hakuna anayenung'unika kwamba kengele haikumtaja jina. Ratiba ya Misa, tangazo kwamba maji yamekatika parokiani, taarifa kwamba semina ya ndoa imesogezwa hadi Jumamosi: hayo yote ni kengele, na yatumwe kwa njia rahisi iliyopo. Ubaya unaanzia pale mashine inapojifanya rafiki. "Habari za siku nyingi mpendwa, nimekukumbuka sana," halafu mistari miwili chini, bei ya viwanja. Hapo pamesemwa jambo lisilo kweli. Hakuna aliyekukumbuka. Tumefundishwa Amri ya Nane tukiwa watoto, nasi tukadhani inahusu mashahidi mahakamani tu.

Sala za mnyororo zinastahili neno la peke yake, kwa kuwa zinasambazwa na watu wetu wema, tena wengi wao wanasali kweli. Andika Amina. Usipite. Tuma kwa kumi upate muujiza. Kufikiri kwamba neema inakuja kwa idadi ya mara tulizobonyeza kitufe, bila kujali moyo, ni ushirikina, hata kama picha ni ya Moyo Mtakatifu. Bwana mwenyewe, katika Mathayo 6, alikwisha kuonya juu ya sala ya maneno mengi yanayorudiwarudiwa. Ajabu ni kwamba kampuni ya biashara iliona haja ya breki kabla yetu: mwaka 2019 WhatsApp ilipunguza usambazaji wa ujumbe hadi mazungumzo matano kwa wakati mmoja, na Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi ukaruhusiwa kwenda mazungumzo mamoja tu kwa mara moja. Anayetaka kumwombea mgonjwa na amwandikie mgonjwa huyo mmoja, kwa jina, na kumwambia ni siku gani atasali kwa ajili yake. Hilo halihitaji bando kubwa.

Twende sasa kwenye Maandiko, mahali ambapo kwa kawaida tunaparuka. Waraka kwa Warumi, sura ya 16. Msomaji wa Misa akipewa sura hiyo hutokwa jasho kwa ajili ya majina. Lakini tukumbuke mazingira. Paulo anaandika kwa Kanisa ambalo hajawahi kulitembelea. Yuko mbali, na chombo alicho nacho ni barua, teknolojia ya wakati wake. Ametumia sura nyingi kufundisha mafundisho mazito kuliko yote aliyowahi kuandika. Angeweza kumaliza kwa salamu moja kwa wote na waraka ungekuwa kamili. Badala yake anawasalimu watu zaidi ya 20, mmoja mmoja, na kwa wengi wao anaongeza kitu kinachoonyesha kwamba anawajua. Priska na Akila walihatarisha maisha yao kwa ajili yake. Epaineto alikuwa wa kwanza kumwamini Kristo katika Asia. Maria amefanya kazi kwa bidii. Androniko na Yunia walifungwa pamoja naye. Mama yake Rufo amekuwa mama kwake pia. Hatujui jina la mama huyo, lakini tunajua kwamba Mtume wa mataifa, katikati ya shughuli zake zote, hakusahau aliyemlea.

Tuone pia barua hiyo ilivyosafiri. Anamtaja na kumtambulisha Foibe, mhudumu wa Kanisa la Kenkrea, na tangu zamani wengi wameelewa kwamba ndiye aliyeipeleka Roma. Tena Tertio, aliyeshika kalamu, anachomeka salamu yake mwenyewe katikati. Yaani hata karani ana uso! Umbali haukumfanya Paulo asiwe na mtu upande wa pili. Basi anayesema kwamba mitandao kwa asili yake haiwezi kubeba urafiki, tunamwomba asome sura hiyo. Na anayesema kwamba ujumbe watosha, asome mwisho wa barua ya pili na ya tatu ya Yohane, ambako mwandishi anaiweka kalamu chini kwa sababu mengine anataka kuyasema uso kwa uso.

Turudi parokiani. Tunaifahamu parokia moja iliyojiunga na huduma ya kutuma SMS kwa waamini wote, ili kukumbusha zaka na ahadi za ujenzi. Kazi ilirahisika na fedha ziliongezeka. Kisha familia moja, ikiwa bado haijafikia arobaini ya baba yao, ilipokea ujumbe katika simu ya marehemu: "Mpendwa," likafuata jina lake kamili, "tunakukumbusha kukamilisha ahadi yako." Karani hakuwa na ubaya wowote. Orodha ya ahadi ilikuwa katika kompyuta, na kitabu cha mazishi kilikuwa kabatini, na hakuna aliyewahi kuvikutanisha. Familia haikulalamika. Iliacha tu kuja jumuiyani. Ilichukua muda kabla katekista hajaelewa sababu, na siku alipoelewa alikwenda na mwenyekiti wa jumuiya, wakakaa jioni nzima, na kwa sehemu kubwa walinyamaza. Ujumbe mwingine, hata wa kuomba radhi, usingefaa kitu pale.

Kuna jambo la sheria pia, ingawa tutalipita haraka. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Mama aliyetoa namba yake kwa ajili ya ubatizo wa mtoto hakuitoa ili auziwe virutubisho na mwanakwaya aliyeichota katika kundi la parokia. Wakuu wa makundi walisimamie hilo bila haya, hata kama muuzaji ni mtoaji mzuri wa mavuno.

Kwa waseminari hasa. Mwongozo wa malezi ya kipadre wa tarehe 8 Desemba 2016 unazungumzia vyombo vya mawasiliano kuwa sehemu ya malezi, na ni sawa. Wengi wenu mna kurasa zenu, mnatoa tafakari za Dominika, na zipo zinazowasaidia watu. Lakini soko limewafuata huko. Mnauziwa wafuasi kwa maelfu. Mnaonyeshwa programu zinazofuata watu usiku na kuwaacha asubuhi, zinazojibu kila maoni kwa "Ubarikiwe sana," na sasa zinazoandika hata tafakari yenyewe. Wafuasi wa kununuliwa ni rahisi kuwahukumu: ni uongo, kwisha. Majibu ya mashine yanahitaji tafakari zaidi. Mtu anaandika saa tano usiku, "Frateri, nimechoka kuishi." Sekunde mbili, anajibiwa: "Asante kwa ujumbe wako, Mungu akubariki, endelea kufuatilia ukurasa wetu." Hakuna aliyekusudia ukatili huo, ila kitufe kiliwashwa mwezi wa tatu kikasahauliwa. Kwa hiyo tunasema wazi: frateri asiye na nafasi ya kusoma anayoandikiwa apunguze ukurasa, asiongeze mashine. Naye anayesoma asijifanye daktari wala muungamishi. Ampigie simu paroko wake au mlezi wa kiroho usiku huohuo, na amtafute mtu aliye karibu na yule anayelia.

Inasaidia kujua kwamba WhatsApp, katika orodha yake ya kutuma kwa wengi, hufikisha ujumbe kwa wale tu waliohifadhi namba yako. Wengine hawapati kitu. Wahudumu wengi huona hilo ni usumbufu. Sisi tunaliona ni kipimo kizuri: je, ni waamini wangapi wa parokia wenye namba ya katekista wao katika simu zao, na wamemwandika kwa jina gani?

Parokia ile tuliyoitaja haikuacha kutuma SMS. Kabla ya kila awamu, karani hukaa na wenyeviti wa jumuiya baada ya Misa ya kwanza, na orodha husomwa kwa sauti, jina kwa jina. Huchukua karibu saa nzima. Huyu amefiwa, mtoe. Huyu amelazwa. Huyu hatumwoni tangu Pasaka, hatujui kuna nini. Majina yanayotolewa huandikwa kwenye karatasi ya pili, ambayo haiingizwi kwenye kompyuta. Wenyeviti hugawana na kuondoka nayo, na Dominika inayofuata kila mmoja huulizwa alimkuta nani nyumbani.