Mdogo Wangu, Usikimbilie RAM

Wadogo zangu, leo nakaa na mmoja wenu, mwanafunzi wa chuo, aliyeniandikia hivi: "Dada, laptopu yangu nikiiwasha asubuhi naweza kwenda kuoga, nikarudi bado inazungusha viduara. Bumu likitoka nataka kuongeza RAM kutoka GB 4 hadi 8. Itawaka haraka?"

Mdogo wangu, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kutoa hela, maana mimi nilitoa kwanza. Nilikuwa na laptopu ya mtumba, RAM ya GB 4, diski ya GB 500. Fundi mmoja akanichomekea kipande kingine cha GB 4, nikalipa, nikaondoka na furaha zangu. Kesho yake nikaiwasha huku simu inahesabu muda: dakika 2 na sekunde 20 mpaka iliponidai neno la siri. Kabla ya hapo ilikuwa dakika 2 na sekunde 25. Sekunde 5 tu, na hela ilikuwa ya mwezi mzima wa kujinyima. Iliniuma kweli, na ndiyo maana nataka tuongee taratibu.

Mfikirie mama mwenye genge la mboga. Jioni anakusanya kila kitu, anarudisha stoo, meza inabaki tupu. Asubuhi anaanza upya: nyanya, vitunguu, mafungu ya mchicha, vyote vinabebwa tena kutoka stoo hadi mezani. Sasa mnunulie meza kubwa mara mbili. Je, atafungua genge mapema? Hapana, kwa sababu asubuhi hacheleweshwi na meza, anacheleweshwa na safari za stoo. RAM ndiyo hiyo meza. Ukizima kompyuta, vyote vilivyokuwa ndani ya RAM vinapotea. Ukiiwasha, Windows inachukuliwa upya kutoka kwenye diski, faili moja baada ya jingine, maelfu ya mafaili.

Na diski yenyewe ndiyo stoo, tena ndiyo mchukuzi wetu. Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka, kwenye laptopu nyingi mara 5,400 kwa dakika, na kimkono chembamba chenye kichwa cha kusomea kinachorukaruka kutafuta faili lilipo. Ukiigawa sekunde moja mara elfu, kila mruko unakula vipande kadhaa. Kwa faili moja huwezi kuhisi. Kwa maelfu ya mafaili yaliyotawanyika, ndizo dakika zako za kuoga hizo. Ukiweka sikio karibu na kibodi utakisikia kikigugunaguguna. SSD, diski ya aina mpya, haina sahani wala mkono. Ni chipu tupu, na inachomoa faili popote lilipo bila kulitafuta kwa kuzunguka. Nilipokuja kubadilisha diski baada ya miezi kadhaa, kompyuta ileile, RAM ileile, iliomba neno la siri baada ya sekunde 19. Nilidhani nimekosea kuhesabu, nikaizima nikarudia.

Lakini sitaki uondoke hapa ukisema dada kasema RAM haina maana. Ile RAM ilinifaa, ila si pale nilipotarajia. Zamani nikifungua ripoti ndefu, kurasa kumi za intaneti na muziki kwa pamoja, kila kitu kilikuwa kinaganda. Meza ikijaa, kompyuta huanza kurudisha baadhi ya vitu stoo ili ipate nafasi, kisha inavifuata tena ukivihitaji, na kwa diski ya kuzunguka hiyo ni adhabu. Baada ya kuongeza, kuganda kukaisha. Tena kwenye kuwaka kuna hatua mbili: ya kwanza mpaka neno la siri, ya pili kuanzia neno la siri mpaka uweze kufanya kazi. Hiyo ya pili, kama RAM ni ndogo na programu zinazojifungulia zenyewe ni nyingi, meza hujaa hata kabla hujagusa chochote. Hapo RAM inaweza kusaidia.

Kwa hiyo usinunue kwa kubahatisha. Kesho ukiiwasha, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha la Task Manager litafunguka. Tazama asilimia za Memory, yaani RAM, na za Disk. Disk ikikaa kwenye 100 dakika nzima huku Memory ikiwa 50 au 60, tatizo ni diski, na RAM haitakuokoa. Memory ikiwa 90 na zaidi wakati unafanya kazi zako za kawaida, basi RAM kweli haitoshi. Zote zikiwa juu, na hela ni ya kitu kimoja, mimi ningeanza na SSD.

Humohumo kuna sehemu ya Startup. Pitia programu zinazojiwasha pamoja na kompyuta, uzime usizozihitaji asubuhi. Usiguse ya kuzuia virusi. Hili ni bure, lifanye leo kabla ya bumu.

Ukiona RAM ndiyo yenyewe, mwombe fundi afungue mbele yako. Laptopu nyingine, kama MacBook Air, RAM yake imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao, haiongezwi. RAM ya aina ya DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, pengo lake liko mahali tofauti, kwa hiyo asikulazimishie. Kagua pia kama Windows yako ni ya biti 32, kwa sababu hiyo haitumii zaidi ya GB 4 hata ukiiwekea 16. Na ukishaweka RAM mpya, siku ya kwanza kompyuta inaweza kuchelewa kuwaka kuliko kawaida kwa sababu inaipima. Usiizime kwa hofu, isubiri.

Kwa SSD, ile ya inchi 2.5 huingia palepale ilipokuwa diski ya zamani katika laptopu nyingi za miaka ya nyuma. GB 256 inatosha kwa mwanafunzi. Nakili kazi zako na picha zako zote kwanza, wewe mwenyewe, usimwachie fundi akwambie atazihamisha. Na jambo la mwisho nakuomba kama dada: diski ya zamani usiiache dukani. Ni mali yako, na ndani yake kuna vyeti vyako, picha za nyumbani, pengine hata maneno yako ya siri. Iombe, itie kwenye kasha dogo la USB, ichomeke usiku huo uone kama inasoma. Yangu bado iko kwenye droo, na sauti ya marehemu bibi akiniimbia siku ya mahafali yangu iko humo.